Vijidudu Vinavyokula Dawa ya Magugu

Mfanyakazi mwenye eka yake kijijini hunyunyiza dawa ya magugu katika mahindi, akavuna vema, na msimu unaofuata akapanda maharage pale pale. Maharage huota, hutoa majani machache, kisha majani hayo hugeuka manjano kuanzia kingoni na kukauka. Hapo hulaumiwa mbegu, au mvua, au hata jicho la jirani. Kumbe mara nyingine mkosaji ni dawa ya msimu uliopita, ingali imo udongoni.

Dawa tuisemayo ni atrazini. Huzuia jani lisitumie mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mahindi huweza kuivunja nguvu ndani ya mmea; maharage hayawezi hivyo. Umoja wa Ulaya uliiondolea kibali mwaka 2004 kwa ajili ya kuchafua maji yaliyo chini ya ardhi.

Mwaka 1995 wataalamu Mandelbaum, Allan na Wackett walieleza habari za bakteria mmoja aliyepatikana Marekani, katika udongo uliomwagikiwa atrazini. Walimwita Pseudomonas ADP. Huyu huifanya sumu hiyo kuwa chakula chake: kwanza huing'oa klorini, na hapo dawa haiwezi tena kuua mmea, kisha hujipatia naitrojeni katika mabaki. Baada ya ratili kama 1,000 za atrazini kumwagika South Dakota mwaka 1997, wataalamu waliipandikiza kazi ile ya kwanza katika bakteria wa jamii nyingine, wakawaua bakteria hao, ndipo wakawachanganya na udongo pamoja na fosfati. Katika majuma 8 atrazini ilipungua kwa asilimia 77.

Si haba. Lakini twaomba wasomaji wasikimbilie kushangilia. Ile ilikuwa ajali, mahali pamoja, chini ya macho ya wataalamu. Shamba la mvua na jua ni jambo jingine. Tena panapotumika atrazini miaka mingi, vijidudu vya namna hii huweza kuongezeka vyenyewe, vikaila dawa kabla haijaua magugu. Basi mkulima hununua nyingine, na fedha zake huliwa udongoni. Kwa hiyo atakayewaletea chupa ya bakteria na kuwaambia sasa mwaweza kunyunyiza mpendavyo, mwulizeni amejaribu wapi, na kwa mazao gani.

Wakati huo huo iko njia isiyohitaji fedha. Kabla ya kupanda, jaza makopo mawili: moja udongo wa shamba lililonyunyizwa, jingine udongo wa mahali pasipoguswa na dawa. Panda maharage katika yote mawili, yamwagilie sawasawa, ungoje majuma matatu. Yakigeuka manjano katika kopo la kwanza tu, msimu huo rudia mahindi, na maharage yapeleke kwingine.