Podikasti: Nani Anamjibu Mzungumzaji?

WANANCHI wengi huichukulia podikasti kuwa ni redio iliyohamia kwenye simu. Ulinganisho huo una ukweli wake, lakini unaficha mambo mawili yenye uzito kwa kila anayefuatilia mijadala ya utamaduni na siasa kwa njia hii. La kwanza, kipindi cha podikasti kinaweza kumfikia msikilizaji bila kupitia mikononi mwa mhariri wa kituo chochote. La pili, msikilizaji naye hana pa kumjibu mzungumzaji.

Sababu ya jambo la kwanza iko katika ufundi. Mtayarishaji huhifadhi faili la sauti kwenye seva, kisha huweka anwani ya faili hilo katika orodha ya maandishi iitwayo mlisho wa RSS. Programu iliyo katika simu ya msikilizaji huisoma orodha hiyo mara kwa mara na kumletea kipindi kipya kinapoonekana. Uwezo wa mlisho kubeba anwani za sauti uliongezwa na Mmarekani Dave Winer mwishoni mwa mwaka 2000. Jina lenyewe lilitajwa na Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian la Uingereza Februari 2004, na mwaka 2005 kampuni ya Apple iliiingiza huduma hiyo katika programu yake ya iTunes. Hapa hakuna masafa ya kugawiwa, wala ratiba inayodai mazungumzo yakome saa 2:00 usiku kupisha taarifa ya habari.

Uhuru huo wa muda umeipa nafasi falsafa, ambayo redio za kawaida hazikuwa na mahali pa kuiweka. Tangu mwaka 2010, Profesa Peter Adamson amekuwa akisimulia historia ya falsafa hatua kwa hatua, bila kuruka wanafikra wasio maarufu. Baadaye alishirikiana na mwanafalsafa Chike Jeffers kuandaa mfululizo kuhusu fikra za Waafrika, kuanzia Misri ya kale na Ethiopia hadi wanafikra wa asili ya Afrika walioishi ng'ambo. Ni vigumu kumfikiria mkurugenzi wa vipindi ambaye angetoa miaka mingi ya matangazo kwa kazi ya namna hiyo.

Hata hivyo, uwazi huo unapungua. Mazungumzo mengi sasa huwekwa moja kwa moja kwenye majukwaa ya makampuni makubwa, na humo kinachopendekezwa kwa msikilizaji huamuliwa na programu ya kompyuta ya kampuni husika. Mlango uliodhaniwa kuwa umeondolewa umerudi, na safari hii haujulikani vigezo vyake. Mtayarishaji anayetunza mlisho wake mwenyewe anabaki na njia ya kuwafikia wasikilizaji wake hata jukwaa moja likibadili masharti.

Jambo la pili ni la zamani kuliko intaneti. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Socrates anayalalamikia maandishi kwamba ukiyauliza swali hurudia yaleyale. Podikasti ina kasoro hiyohiyo, tena iliyojificha zaidi, kwa sababu sauti ya binadamu humpa msikilizaji hisia kwamba naye yumo mazungumzoni. Barazani, Unguja au Lamu, anayesema huziona nyuso za wanaomsikiliza. Hukatizwa, hutaniwa na hudaiwa ushahidi papo hapo. Mwenye visikilizi masikioni ndani ya daladala hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Maoni yanayoandikwa chini ya kipindi hayazibi pengo hilo, kwa kuwa yanapofika mzungumzaji keshamaliza.

Tanzania iliwahi kulishughulikia tatizo hili kwa redio. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusikiliza vipindi vya redio kuhusu magonjwa kama malaria na kichocho. Kipindi kilipokwisha, kazi ndiyo kwanza ilianza. Kiongozi aliyepata mafunzo aliongoza usomaji wa kijitabu, wanakikundi wakajadili yaliyosemwa yanahusu nini kijijini kwao, kisha wakakubaliana la kufanya, kama vile kuchimba vyoo au kufukia madimbwi. Podikasti ina faida ambayo vikundi vile havikuwa nayo: kipindi husimamishwa katikati, kikarudishwa nyuma na kuhojiwa sentensi kwa sentensi. Kinachokosekana ni kikundi, na hicho hakihitaji mtambo.

Kwa wanaotaka kuanzisha mazungumzo ya aina hii, swali linaloibuka mapema ni la leseni. Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilitungwa mwaka 2018, zikaandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Marekebisho hayo ya mwaka 2022 yalipunguza aina za maudhui zinazohitaji leseni na kuelekeza sharti hilo kwa wanaotoa, kwa sehemu kubwa, habari na matukio. Mazungumzo ya falsafa hukaa karibu na mpaka huo. Wazungumzaji wanaopima maana ya haki kwa kutumia mfano wa kodi iliyopitishwa bungeni wiki hiyo wanafundisha, na papo hapo wanagusa tukio. Maneno "kwa sehemu kubwa" yanaelekeza kutazama mwenendo wa kazi yote ya mtayarishaji, si kipindi kimoja. Mwenye shaka anashauriwa kupata ufafanuzi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kabla ya kuanza kurusha vipindi, kwa sababu hata asiyehitaji leseni bado anabanwa na makatazo ya kanuni hizo kuhusu maudhui.