Saratani ya ovari: kwa nini dalili zake huonekana tumboni

Wanawake wengi wenye saratani ya ovari hugunduliwa wakati ugonjwa umeshaenea tumboni. Kabla ya hapo, wengi huwa wamemeza dawa za vidonda vya tumbo, za minyoo na za gesi, kwa sababu wanachokihisi hakifanani na ugonjwa wa uzazi. Tumbo hujaa. Chakula kidogo tu kinashibisha. Sketi ya mwaka jana haifungi kiunoni, ilhali uso na mikono vimekonda. Ili kuelewa kwa nini saratani ya viungo vya uzazi huja kujionyesha kama ugonjwa wa tumbo, inafaa kutazama seli zake huenda kuishi wapi, na zinalishwa na nini.

Ovari ni mbili, kila moja ikikaribia ukubwa wa tende, na hukaa upande huu na ule wa mji wa mimba. Aina ya saratani inayopatikana zaidi hapo mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, pale yai linapopokelewa. Sehemu hizi ziko wazi ndani ya tumbo. Seli mbovu ikibanduka, si lazima iingie kwenye damu ndipo isafiri. Huangukia kwenye maji machache yanayolainisha utumbo na kuelea nayo. Nyingi hufa zikiwa njiani. Zile zinazoshikamana na kuwa vifundo hustahimili zaidi, hata dhidi ya dawa. Lakini zikitaka kukua ni lazima zitue mahali panapozifaa.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1889 daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alichunguza rekodi za wanawake 735 waliokuwa wamefariki kutokana na saratani ya matiti. Aliona kwamba ugonjwa haukusambaa ovyo. Ini lilishambuliwa mara nyingi, bandama mara chache, ingawa viungo vyote viwili hupokea damu kwa wingi. Akaeleza kwamba seli za saratani ni kama mbegu: hupeperushwa kila upande, ila huota tu zikiangukia udongo unaozikubali. Mkulima yeyote anajua hivyo.

Kwa saratani ya ovari, udongo huo unajulikana. Aliyewahi kuchinja mbuzi ameuona: ni ule utando wenye mafuta, kama wavu, unaofunika matumbo na kuonekana mara tu tumbo linapopasuliwa. Binadamu anao pia. Huhifadhi mafuta na hubeba seli za kinga zinazosaidia kupambana na maambukizi, kwa hiyo kazi yake ya kawaida ni njema. Ila ndipo mahali ambapo saratani ya ovari hupenda kutua.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza sababu. Seli za mafuta za utando huo hutoa kemikali zinazozivuta seli za saratani. Zikishafika na kugusana nazo, seli za mafuta huanza kuachilia akiba yake, na seli za saratani huyapokea mafuta hayo na kuyachoma ili kupata nguvu ya kugawanyika. Watafiti waliona protini moja, FABP4, ikifanya kazi katika upokezanaji huo. Kwa panya wasiokuwa na protini hiyo, uvimbe ulipungua sana. Kwa maneno mengine, saratani haikuja na chakula chake. Ilikipata ghalani.

Hapa pana jambo linaloweza kueleweka vibaya. Utando huu uko kwa kila mtu, mnene na mwembamba. Mwanamke mwembamba hajakingwa kwa wembamba wake, na aliyeugua hakujiletea ugonjwa kwa kula chapati.

Mafuta nayo hayafanyi kazi peke yake. Seli zinazojenga nyuzi za mwili hugeuzwa tabia zikaanza kuutegemeza uvimbe, na baadhi ya seli za kinga, badala ya kuushambulia, huutuliza mwili usiupige vita. Uvimbe pia hutoa ishara zinazofanya mishipa mipya ya damu iote kuuelekea. Mishipa hiyo huvuja, na njia za kuondoa maji tumboni huziba. Maji hujikusanya, tumbo likafura, nalo tumbo la chakula likabanwa na utumbo ukasukumwa. Ndiyo maana mgonjwa husema ameshiba kabla sahani haijafika nusu.

Ujuzi huu umeingia hospitalini. Daktari anapofanya upasuaji wa saratani ya ovari, kwa kawaida huondoa pia utando wa mafuta, jambo ambalo hushangaza familia nyingi zinaposoma ripoti. Dawa za kawaida, carboplatin na paclitaxel, huzilenga seli zenyewe, ilhali bevacizumab, wanayopewa baadhi ya wagonjwa, huzuia uotaji wa mishipa mipya ya damu.

Hakuna kipimo kinachopendekezwa cha kuwachunguza wanawake wote wasio na dalili. Kipimo cha mlango wa kizazi kinachofanywa kliniki, na chanjo ya HPV wanayodungwa wasichana, ni muhimu sana, lakini vinahusu saratani nyingine. Majibu mazuri ya kipimo hicho hayasemi lolote kuhusu ovari.

Kwa hiyo dalili ndizo za kufuatiliwa: tumbo kujaa au kufura, kushiba upesi, maumivu ya tumbo au ya nyonga, na kwenda haja ndogo mara kwa mara au kwa haraka isiyo ya kawaida. Kila mtu huzipata siku mojamoja. Zinazotia wasiwasi ni zile mpya zinazorudi karibu kila siku, zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa kwa mwanamke aliyefikisha miaka 50. Huyo asizungushwe kwenye maduka ya dawa. Amwombe mhudumu wa afya amchunguze nyonga na kumwelekeza apigwe picha ya altrasaundi na kupimwa damu kipimo cha CA-125. Aandike tarehe za dalili kwenye daftari aende nalo. Aseme pia kama mama, dada, nyanya au shangazi, wa upande wowote wa familia, amewahi kuugua saratani ya ovari au ya matiti, kwa kuwa jeni za BRCA1 na BRCA2 hurithiwa kwa baba vilevile.

Kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) hufanywa kwa simu kupitia *147#, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii kijijini.