Kwa nini Uingereza imewabana mbwa wa XL Bully?
Tangu Februari 1, 2024, kumiliki mbwa aina ya XL Bully bila kibali maalumu ni kosa la jinai England na Wales. Hatua hiyo ilikuja baada ya watu kadhaa kushambuliwa hadi kufa.

Mwenye kibali lazima mbwa wake afungwe kizazi, awekewe chipu na akatiwe bima. Wakitoka nje, avishwe kifunga mdomo na ashikwe kwa kamba. Kumuuza, kumzalisha au hata kumgawa bure ni marufuku.

Ila shirika la kutetea wanyama la RSPCA linapinga mbwa kuhukumiwa kwa umbo, likisema ukali hutegemea pia uzalishaji na malezi. Sheria ya 1991 ilishapiga marufuku aina nne, pitbull akiwemo, na bado watu wanang'atwa. Kwa hoja hiyo, wa kubanwa kwanza ni mfugaji.