Biashara ya Hewa Ukaa: Mambo ya Kujua Kabla Kijiji Hakijatia Sahihi

Wakazi wa Kwale, hasa walio karibu na mikoko na wenye ardhi ya jamii, huenda mkatembelewa na watu wanaotaka kuanzisha mradi wa hewa ukaa katika msitu au malisho yenu. Biashara hii ni halali na inaweza kuwafaidi. Makala haya yanaeleza inavyoendeshwa, na sheria inasema nini kuhusu fungu la mwananchi.

Mfano tunao papa hapa, Gazi. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa sana kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali, na sehemu nyingine zikabaki matope matupu. Upanzi ulianza mapema miaka ya 1990 kupitia watafiti wa KMFRI. Mwaka wa 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja, mradi wa hekta 117.

Kila mti hufyonza hewa ukaa, lakini mkoko una ziada yake. Majani na mizizi huzama kwenye matope yasiyo na hewa, huoza polepole mno, na hivyo kaboni nyingi huwa imehifadhiwa chini kuliko kwenye mti wenyewe. Mikoko ikikatwa, hazina hiyo huanza kurudi angani. Kiasi kinachohifadhiwa hupimwa, shirika la Plan Vivo huidhinisha vyeti, kila cheti kikiwa tani moja, na wanunuzi walio mbali huvilipia. Gazi huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Pesa hizo zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Mivinje nayo ilipandwa ili watu wasikose kuni na boriti. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata mkondo huo, kwa hekta 460.

Mikoko hiyo hiyo hupunguza nguvu za mawimbi na kulea samaki na kamba wachanga. Kwa kijiji kilicho ufuoni, huku bahari ikizidi kupanda, huo ndio uchumi wa kijani: kinga na kipato kutoka mahali pamoja.

Gazi, hata hivyo, mradi ni wa wanakijiji wenyewe. Anapokuja mwekezaji, mambo hubadilika, na hapo ndipo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, iliyorekebishwa mwaka wa 2023, inapoingia. Mradi wowote katika ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Serikali ya kitaifa na ya kaunti husimamia mazungumzo yake, na mkataba huingizwa katika sajili ya kitaifa ya kaboni. Jamii hupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondoa gharama za biashara.

Maneno hayo ya mwisho yasomeni mara mbili. Mradi ukiingiza shilingi milioni 10 na gharama zikiwa milioni 4, fungu lenu ni milioni 2.4. Gharama zikiandikwa milioni 8, mnabaki na 800,000. Asilimia ni ile ile. Kwa hiyo ulizeni mapema: gharama zipi zitahesabiwa, nani atakagua vitabu, na mkataba ni wa miaka mingapi? Ulizeni pia kama mifugo itaendelea kulishwa humo, na kama kina mama wataokota kuni.

Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Kwa ardhi ya jamii iliyosajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba na mwekezaji upitishwe na thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Kina mama na vijana wamo katika hesabu hiyo. Mwenye shamba la kibinafsi hujadiliana mwenyewe, na asitarajie kwamba asilimia 40 itamlinda.

Mkiletewa rasimu ya mkataba, ombeni nakala na muda wa kuisoma, kisha mwiwasilishe kwa msimamizi wa wadi yenu kabla ya siku ya mkutano. Iwapo ni ya Kiingereza, ombeni isomwe kwa Kiswahili, Kidigo au Kiduruma, kipengele kwa kipengele, mbele ya watu wote.