Smong: Kumbukumbu ya Wimbi na Utafiti wa Ustahimilivu wa Jamii Asilia

Katika taaluma ya maafa, hatari na maafa huhesabiwa kuwa mambo mawili tofauti. Tetemeko la ardhi, kimbunga au ukame ni hatari, yaani tukio la maumbile ambalo binadamu hana uwezo wa kulizuia. Maafa ni yale yanayofuata pale hatari hiyo inapowakuta watu hawana habari, hawana pa kukimbilia, au wamewekwa kuishi mahali pasipofaa. Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 1976, wakati Phil O'Keefe, Ken Westgate na Ben Wisner walipoandika katika jarida la Nature kwamba maafa yasitazamwe kuwa kazi ya maumbile peke yake, na tangu hapo wanajiografia na wanaanthropolojia wamekuwa wakichunguza kwa nini hatari ya aina moja huangamiza mji mmoja na kuuacha mwingine. Uwezo wa jamii kupokea pigo, kunusurika na kuendelea na maisha yake ndio unaoitwa ustahimilivu, na sehemu kubwa ya utafiti wa miongo ya karibuni imeuchunguza uwezo huo katika jamii asilia.

Istilahi hiyo ya jamii asilia ina mgogoro wake. Umoja wa Mataifa uliopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007 haukuifafanua, na serikali nyingi za Afrika hushikilia kwamba raia wao wote ni wenyeji, hivyo hakuna kundi linalostahili kulimiliki jina hilo peke yake. Watafiti wa maafa kwa kawaida hawaingii katika ugomvi huo. Wao hutazama uhusiano wa watu na mahali, wakimaanisha jamii ambazo zimekaa sehemu moja kwa vizazi vingi, zikajipatia riziki kutoka katika ardhi na bahari ile ile, na zikarithishana ujuzi wa sehemu hiyo kwa mdomo na kwa vitendo. Kwa maana hiyo, mfano unaotajwa kuliko mingine yote ni ule wa kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia.

Simeulue iko yapata kilomita 150 kutoka pwani ya magharibi ya Sumatra, katika mkoa wa Aceh. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lenye ukubwa wa 9.1 lilipasua sakafu ya bahari karibu na ncha ya kaskazini ya kisiwa hicho, likaibua tsunami, yaani mfululizo wa mawimbi yanayotokea maji mengi yanaposukumwa kwa ghafla kutoka chini. Nchini Indonesia pekee watu zaidi ya 160,000 walikufa au kupotea, wengi wao katika mkoa huo huo wa Aceh. Simeulue, ambayo wakati huo ilikuwa na wakazi wapatao 78,000, ilipoteza watu 7.

Timu ya watafiti iliyofika huko baadaye, akiwemo mwanajiolojia Brian McAdoo, ilichapisha mwaka 2006 maelezo ya yaliyotokea katika kijiji cha Langi, kaskazini mwa kisiwa, kilomita kama 40 tu kutoka kitovu cha tetemeko. Mawimbi ya mita 10 hadi 15 yalikifikia kijiji hicho kabla dakika kumi hazijatimia tangu ardhi itulie, yakazifagia nyumba zote, lakini wakazi wote wapatao 800 walikuwa tayari wako vilimani. Huko Jantang, kwenye pwani ya bara ya Aceh, ambako mawimbi makubwa yalipiga vilevile, takriban nusu ya watu waliangamia. Ikumbukwe kwamba kituo cha tahadhari cha Pasifiki kilichoko Hawaii kilitoa taarifa yake ya kwanza kama dakika 15 baada ya tetemeko, na taarifa hiyo ilihusu Bahari ya Pasifiki, kwa kuwa Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa aina hiyo. Hata kama ungekuwepo, na hata kama ungefanya kazi bila dosari, kwa watu wa Langi ungekuwa umechelewa.

Kilichowaokoa ni smong. Kwa jina hilo watu wa kisiwa hicho huita tsunami yenyewe na pia mafunzo yanayoambatana nayo: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikapwa pasipo wakati wake, kila mtu akimbilie mlimani bila kusubiri amri na bila kurudi nyuma kuchukua mali. Chimbuko lake ni tsunami ya tarehe 4 Januari 1907 iliyoua sehemu kubwa ya watu wa Simeulue, wakiwemo wale walioteremka ufukweni kuokota samaki walioachwa na maji. Simulizi hiyo ilidumu miaka 97 bila kuandikwa katika kitabu chochote cha shule. Ilipitia katika nafi-nafi, yaani masimulizi ya wazee kwa watoto, ambayo watafiti waliorudi kisiwani wameeleza kwamba yalisimuliwa katika nafasi za kawaida kabisa za maisha, kwa mfano wakati wa kuchuma karafuu au jioni baada ya watoto kusoma Kurani. Msomaji wa Pemba hahitaji kuelezwa ni saa ngapi za mazungumzo zinazopatikana katika msimu mmoja wa karafuu. Baada ya 2004 smong imeingia pia katika nandong, nyimbo za kienyeji za kisiwa hicho, na wimbo ndio unaonukuliwa zaidi siku hizi, ingawa walionusurika walikuwa wamelelewa zaidi na hadithi za babu na bibi.

Mambo matatu katika kisa hiki yanastahili uzito zaidi kuliko yanavyopewa kwa kawaida. La kwanza ni kwamba maarifa hayo yalikuwa mafupi na yalimpa kila mtu idhini ya kutenda, kwani mtoto aliyepiga kelele ya smong hakuhitaji kibali cha mwenyekiti wa kijiji. La pili, Simeulue hutikisika mara kwa mara, kwa hiyo wazee hawakukosa sababu ya kuirudia hadithi. La tatu, na ndilo linalosahauliwa na wanaopenda kusifu hekima ya wahenga, ni kwamba vilima viko karibu na nyumba. Mtu aliyefundishwa kukimbilia mlimani akiwa katika tambarare ya kilomita kadhaa, au akiwa amezungukwa na kuta za mji, hana manufaa makubwa na mafunzo hayo.

Ulinganisho wa Visiwa vya Solomon unalitia nguvu jambo hilo la umuhimu wa mahali. Tarehe 2 Aprili 2007, tetemeko lenye ukubwa wa 8.1 lilizua tsunami iliyoua watu 52, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wahamiaji kutoka visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya Kiribati, walikufa kwa uwiano mkubwa kuliko wenyeji. Wahamiaji hao walipelekwa huko na utawala wa Waingereza katikati ya karne ya 20. Wao pia ni watu wa bahari, tena mabingwa wa mitumbwi, lakini bahari waliyoijua ni ya visiwa vya matumbawe ambako tetemeko na tsunami si sehemu ya kumbukumbu. Maji yalipopwa ghafla, wenyeji walipanda juu, na baadhi ya watoto wa wahamiaji waliingia katika wangwa kutazama. Maarifa asilia, kwa hiyo, yamefungamana na mahali, na serikali inayowahamisha watu huwanyang'anya pia ujuzi ambao hauonekani katika orodha yoyote ya fidia.

Smong nayo ina mipaka. Tarehe 25 Oktoba 2010, visiwa vya Mentawai, vilivyo kwenye safu ile ile ya visiwa iliyoko upande wa magharibi wa Sumatra, vilipigwa na tsunami iliyoua watu zaidi ya 400 baada ya tetemeko la aina inayoitwa polepole, ambalo husukuma maji mengi ilhali mtikisiko wake ni hafifu kiasi kwamba wengi hawaoni haja ya kukimbia. Desemba 2018 ubavu wa volkano ya Anak Krakatau uliporomoka baharini, na wimbi lililofuata liliua mamia ya watu kando ya Mlango wa Sunda pasipo tetemeko la kuwaonya. Mtaalamu anayeichukua smong na kuisambaza kama kanuni ya kila pwani anawapa watu imani ya uongo.

Ndiyo maana lawama dhidi ya sehemu ya utafiti huu ni za haki. Linda Tuhiwai Smith, msomi wa Kimaori wa New Zealand, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1999, Decolonizing Methodologies, jinsi watafiti walivyozoea kuchukua maarifa ya watu wa asili na kuondoka nayo bila kuwajibika kwa wenyewe. Katika taaluma ya maafa tabia hiyo huonekana katika ripoti zinazokusanya ishara za mvua, tabia za wanyama na methali, zikaziorodhesha kwa jedwali, na kuacha kuuliza nani hurithishwa, kwa njia gani, na ni sera zipi zinazoukata urithi huo.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuufuatilia mjadala huu. Wimbi la 2004 lilivuka bahari kwa saa kadhaa na kuua karibu watu 300 nchini Somalia, zaidi ya kumi nchini Tanzania, na mmoja nchini Kenya. Manahodha wa pwani hii wanazijua kusi na kaskazi, mikondo na bamvua, lakini katika elimu yao tsunami haikuwemo. Hata hivyo, si kwamba haikuwahi kufika. Mwaka 2020, timu iliyoongozwa na Vittorio Maselli, ikiwa na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapisha katika jarida la Geology ushahidi kutoka Pangani wa tabaka la mchanga lenye mifupa ya binadamu, lililoachwa na tsunami iliyoupiga mji wa Waswahili yapata miaka 1,000 iliyopita.

Kwa hatari inayorudi baada ya karne nyingi kiasi hicho, kumbukumbu ya mdomo haitoshi na mchanga wenyewe hugeuka kuwa shahidi. Zaidi ya hayo, tetemeko la Sumatra halisikiki Pangani, hivyo sehemu ya kwanza ya smong haina kazi huko. Inabaki ile ya pili, ya maji yanayopwa pasipo saa yake, ambayo wavuvi ndio wa mwanzo kuiona. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, unaofanya kazi tangu 2011, una saa za kutosha za kuionya Afrika Mashariki, ila taarifa ikishafika katika ofisi za mamlaka za hali ya hewa bado ina safari ya kuwafikia walio ndani ya ngalawa na wanaochokoa pweza kwenye miamba, na hapo vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe, vinavyojua nani yuko wapi maji yakiwa yamepwa, vina nafasi ambayo hakuna mtambo unaoweza kuichukua.