Je, Wajua? Dawa ya Malaria na Damu Inayoganda

Klorokwini, ile dawa chungu iliyowawasha wengi mwili mzima hadi Tanzania ilipoiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, imepata wachunguzi wapya, safari hii kuhusu damu inayoganda kwa wenye saratani. Saratani, hasa ya kongosho, huweza kuifanya damu igande mishipani. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alilieleza hilo mwaka 1865. Baadaye likampata mwenyewe. Sababu mojawapo: chembe nyeupe za damu hutupa nje nyuzi za vinasaba, mithili ya jarife, na damu huganda humo. Mwaka 2018 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waliripoti kuwa klorokwini ilipunguza hali hiyo kwa panya wenye saratani ya kongosho. Kwa binadamu ushahidi ungali haba.