Unga Bandarini, Betri Kariakoo

Apitaye Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, huona betri za simu zimepangwa mezani kama ndimu. Huyu hununua, yule hutengeneza, mwingine hutupa iliyokufa. Wachache hujiuliza kilichomo ndani.

Ndani ya nyingi ya betri hizo mna fuwele za oksidi ya kobalti, zilizopangika tabaka juu ya tabaka mithili ya kurasa za juzuu. Kurasa ni kobalti na oksijeni. Baina yake hukaa lithiamu. Simu inapochajiwa, chembe za lithiamu hutoka na kuhamia katika grafiti iliyo upande wa pili, inapotumika, hurejea. Lithiamu ikipungua, fuwele hupitisha umeme kwa wepesi zaidi, na hata tabia yake mbele ya sumaku hubadilika. Kwa kupima mambo hayo mawili, wataalamu hutambua mwenendo wa elektroni wasizoweza kuziona.

Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walidhihirisha uwezo wa oksidi hiyo. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za namna hiyo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikatunukiwa Nobel ya Kemia.

Kobalti yenyewe je? Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na nyingi hupita Tunduma kwa malori hadi bandari ya Dar es Salaam. Huondoka ikiwa unga, ikarejea Kariakoo ikiwa simu. Kutoka gatini hadi Mtaa wa Aggrey si mbali. Bali tofauti ya bei kati ya unga na betri ndiyo ada tunayolipa kwa elimu ya watu wengine.

Ndugu zetu wa Unguja, waliokosa umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuhubiriwa thamani ya umeme uliohifadhiwa.

Nasi tunayo nikeli ya Kabanga, ambayo nayo huingia katika oksidi za tabaka, na grafiti ya Mahenge. Kwa hiyo viongozi wahusika wasitosheke na kuhesabu malori. Vyuo vyetu vipatiwe vifaa vya kutengenezea na kupimia fuwele hizi, na vijana wafundishwe kwa vitendo. Betri zilizokufa zikusanywe, zisitupwe jaani. Betri hufa, kobalti iliyomo haifi.

Kujitegemea hakuanzi kwa kumiliki jiwe, bali kwa kulijua.